Tuwataje Anarcha, Betsey na Lucy

Ndugu Mhariri,

Kila Mei 23, Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Fistula, magazeti huandika habari za kina mama waliopasuliwa wakapona. Mimi ni mkunga mstaafu. Nimewapokea wodini mabinti waliokaa na uchungu pingamizi siku mbili, tatu, mtoto akafia tumboni, wao wakabaki na fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, wanavuja mkojo usiku na mchana. Wengine walikuwa wamekwisha kurudishwa kwao na waume zao. Binti wa namna hiyo anapoamka baada ya upasuaji akapapasa shuka, akalikuta kavu, hulia hadi na sisi wauguzi tunalia.

Ujuzi huo wa kuziba fistula una asili yake, na inaniuma. Kati ya 1845 na 1849, mjini Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua tena na tena wanawake weusi wenye fistula waliokuwa watumwa, bila nusu kaputi. Tunayajua majina ya watatu tu: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alipasuliwa mara 30 hivi. Madaktari waliokuwa wakimsaidia Sims walipokata tamaa wakaondoka, wagonjwa wenyewe wakafundishwa kusaidia, huyu akimshika mwenzake anayekatwa.

Wapo wanaosema walikubali kwa kuwa walitaka kupona. Kupona nani asingetaka? Ila mtu aliyenunuliwa kwa fedha angekataa kwa kinywa gani?

Chuoni nilifundishwa kushika spekulamu ya Sims, chombo cha kufungulia uke wakati wa kumpima mgonjwa, na kumlaza mgonjwa mlalo wa Sims, yaani kwa ubavu. Jina hilo nimelitamka kazini maisha yangu yote. La Anarcha nimelisikia nikiwa tayari na wajukuu.

Siwezi kutamani ujuzi huu usingekuwapo, maana nawaona mabinti wale na shuka zao kavu. Kumshukuru Sims nako moyo unakataa. Nimekaa na mambo haya mawili miaka kadhaa, na hakuna lililolishinda jingine.

Sanamu yake iliondolewa Central Park, New York, Aprili 2018. Mwaka 2021 Montgomery ikapata sanamu za wanawake wale watatu. Kwetu naomba jambo dogo kuliko sanamu: mwalimu wa ukunga, siku anapomkabidhi mwanafunzi spekulamu ile kwa mara ya kwanza, amtajie na majina hayo matatu, na amweleze walifanyiwa nini.

Mkunga mstaafu,
Morogoro