Zile nyimbo za kwaya

Bukavu, Jumapili jioni

Ndugu yangu Sifa,

Jambo sana. Watoto hawajambo? Mguu wa Mama Bahati je? Usinikasirikie kwa kunyamaza tangu Pasaka, nilikuwa na mgonjwa.

Ni Mzee. Kiharusi kimemlaza mkono wa kuume, na maneno yamemgomea. Akitaka maji anasema "ile, ile", machozi yanamlengalenga. Kule hospitali tulikomlaza waliniambia nisitegemee kitu. Sasa sikiliza: Jumanne nilikuwa nachambua mboga za lengalenga, nikasikia mtu anaimba sebuleni. Nikadhani ni redio. Kumbe ni yeye! Ule wimbo wenu wa jioni, beti mbili nzima, hakukosa hata neno. Nililia, Sifa.

Binti ya Mama Zawadi, yule anayesomea udaktari, alinieleza. Kwa watu wengi usemi unakaa upande wa kushoto wa ubongo. Daktari Paul Broca alianza kugundua hayo kule Paris mwaka 1861, kwa mgonjwa aliyebaki na neno moja tu, "tan". Kuimba kunategemea sana upande wa kulia, na wa Mzee ni mzima. Tangu 1973 madaktari wa Marekani wanawafundisha wagonjwa kama yeye kusema kwa kuimba. Basi kila asubuhi namshika mkono wa kushoto, tunagonga meza pamoja: na-ta-ka ma-ji. Jana "maji" ilitoka yenyewe, bila wimbo.

Yule binti akanisimulia pia habari ya mtu wa Marseille, Ufaransa, iliyoandikwa mwaka 2007: miaka 44, mfanyakazi wa serikali, baba wa watoto wawili, alienda hospitali kwa sababu ya mguu tu, wakakuta kichwa kimejaa maji na ubongo umesukumwa pembeni! Ila yeye aliugua tangu utotoni, ubongo ukapata miaka ya kujipanga. Mzee wetu alipigwa kwa usiku mmoja, tena ana miaka sabini. Hilo ndilo linaninyima usingizi. Lakini "maji" aliisema, niliisikia kwa masikio yangu.

Sasa nakuomba: zile nyimbo za kwaya ulizorekodi kwenye simu yako ya zamani, bado unazo? Unaweza kunitumia zote, hata zenye kelele? Na ule wa mavuno, ubeti wa tatu unaanzaje? Yeye anaishia hapo, ananitazama. Utakuja lini umwimbie mwenyewe?

Wako,
Furaha