Floraidi haiishii kwenye meno

Kwako Mhariri,

Kila mjadala wa floraidi, madini yaliyoyeyuka katika maji ya visima vyetu, unapozuka hapa Nakuru, mazungumzo huanzia kwenye meno ya kahawia ya watoto wetu na, kwa bahati mbaya, huishia papo hapo. Tumbo, ambalo hupokea maji hayo kabla ya damu na mifupa, halitajwi.

Nikiwa mwalimu wa kemia, jambo hili hunishangaza, kwa sababu linalotokea tumboni linaelezeka kwa urahisi. Floraidi ikikutana na asidi ya tumbo, sehemu yake kubwa hugeuka kuwa asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ute unaolinda ukuta wa tumbo na kuingia ndani ya seli zake. Kiasi kikiwa kikubwa, mtu huhisi kichefuchefu na maumivu, hutapika au kuharisha. Nchini India, madaktari waliochunguza kwa darubini utumbo wa wagonjwa waliotumia maji ya aina hii kwa miaka mingi walikuta vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula vimepungua au kutoweka.

Sisemi kwamba kila kiungulia kinatokana na kisima. Bakteria, dawa za maumivu zinazomezwa ovyo na pombe vina lawama zao, tena kubwa. Ninachosema ni kwamba mgonjwa anayerudi zahanati mara kwa mara akilalamikia tumbo, kisha akaandikiwa dawa zilezile za kupunguza asidi, anastahili kuulizwa swali moja la ziada: maji unayokunywa unayatoa wapi?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa huviwezesha visima vingi virefu kuvuka kiwango hicho, lakini maji huwa maangavu na hayana harufu, hivyo mnunuzi hana namna ya kujua. Wengi huyachemsha wakiamini wameyasafisha. Kuchemsha huua vijidudu, ila floraidi hubaki katika maji yaliyopungua, kwa hiyo kiwango chake hupanda. Kuna pia magadi tunayotia kwenye maharagwe na mboga za kienyeji ili ziive upesi, ambayo aghalabu huwa na floraidi nyingi, na majani ya chai nayo huongeza yake. Anayekunywa chai ya rangi asubuhi kabla ya kutia chochote kinywani hufyonza floraidi kwa wingi zaidi kuliko aliyekula, hasa aliyekunywa maziwa, kwani kalisi, madini yaliyomo kwenye maziwa, huizuia.

Dawa ya tatizo hili tunayo karibu. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana, na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeonyesha kwamba makaa ya mifupa ya wanyama iliyochomwa yanaweza kuichuja. Kinachokosekana ni habari. Kwenye ukuta wa kioski cha maji ninachopita kila siku, bei ya jerikeni imeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, lakini kipimo cha floraidi hakipo. Naiomba serikali ya kaunti imlazimu kila anayeuza maji ya kisima kubandika kipimo hicho pamoja na tarehe kilipochukuliwa, na zahanati zipewe orodha ya visima vilivyovuka kiwango katika maeneo yao.

Mwalimu wa kemia,
Njoro, Nakuru