Mzee wa miaka 100 kwenye mvua

Lyon, Ufaransa
28 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi zinaendelea. Wadogo zangu nawasalimu wote. Barua hii naomba isomwe kwa sauti Babu akiwa amekaa karibu, na anayesoma asiyakimbize maneno.

Juzi Ijumaa nilirudi kutoka kazini nimechoka, nikawasha runinga ili tu chumba kiwe na sauti za watu. Kumbe ndiyo saa ya ufunguzi wa Olimpiki ya Paris. Mnanijua, mimi ni mtu wa mbio zenyewe. Hotuba, ngoma na fataki huwaachia wengine. Nikasema nitazame mpaka bendera yetu ipite, halafu nilale.

Safari hii hawakuingia uwanjani. Wanamichezo walipandishwa kwenye boti, wakashuka nazo mto Seine kilomita 6 hivi katikati ya jiji, watu wamejaa kingo zote mbili. Mvua ilimwagika, Mama, si manyunyu. Wabeba bendera walilowa chapachapa na bado wanarukaruka kwa furaha. Walitangulia Wagiriki, kama ilivyo kawaida ya Olimpiki, na nyuma yao wakaja wakimbizi, timu ya watu 37 wanaoshindana chini ya bendera ya Olimpiki. Mmoja wa waliowabebea bendera alikuwa Cindy Ngamba, bondia aliyezaliwa Kameruni. Hapo nikakaa vizuri kitini. Mimi nikishindwa na maisha ya huku, nina mlango wa kugonga nikafunguliwa. Niliwatazama wale watu wakipunga mikono, nikaona haya kwa jinsi ninavyolalamika kila wiki kwenye simu.

Bendera yetu ilipopita nilisimama, peke yangu, chumbani. Zilikuwa sekunde chache tu. Usingizi niliouahidi ukawa umekwisha.

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Usiku ule mwenge ulipita mikono mingi. Zinedine Zidane alimkabidhi Rafael Nadal, ukapanda boti pamoja na akina Serena Williams na Carl Lewis, ukarudi nchi kavu na kundi la wakimbiaji likizidi kuwa kubwa. Halafu kamera ikatua kwa mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu, mwenge mkononi, mvua ikinyesha. Mtangazaji akasema ni Charles Coste, miaka 100, bingwa wa Olimpiki mzee kuliko wote Ufaransa. Dhahabu yake aliipata London mwaka 1948, katika mbio za baiskeli za timu. Miaka 76 imepita, na bado kuna waliokumbuka kwamba yupo.

Waliokuja kupokea moto kwake ni Marie-José Pérec, aliyetwaa dhahabu ya mita 400 mwaka 1992 na tena 1996, na Teddy Riner wa judo, jitu la mita mbili na ushee. Mbele ya mzee yule wote wawili walikuwa watoto. Sherehe ilikuwa na saa karibu nne, kila kitu kimepangwa kwa sekunde, lakini pale nikaona dunia nzima imetulia ikisubiri mkono wa mzee ufike unakokwenda. Wale wawili wakaenda kuuwasha moto mkubwa, puto likaupandisha juu ya bustani ya Tuileries, na Céline Dion, ambaye ugonjwa ulimweka mbali na jukwaa kwa miaka, akaimba kutoka kwenye Mnara wa Eiffel. Wenzangu kazini wanasimulia puto na ile sauti. Mimi puto nililiona kwa machozi, kwa hiyo sina la kusimulia.

Mama, nilimwona Babu. Alfajiri niliyoondoka, giza bado halijapasuka, yeye ndiye aliyetoka na tochi kunimulikia mpaka kwenye gari. Mkono ulikuwa unamtetemeka, mwanga unacheza chini, nami nikasema, "Babu lete nishike mwenyewe," kwa sababu nilikuwa na haraka. Akanipa bila neno. Nikaingia garini, na tangu siku ile sijazungumza naye hata mara moja. Kila nikipiga simu nasema "msalimieni Babu", kisha nakata. Nimejitetea kwamba masikio yake hayasikii vizuri na simu zinagharimu. Mzee wa miaka 100 alisubiriwa na ulimwengu, na mimi nimeshindwa kumsubiri babu yangu dakika tano aelewe ni nani anayeongea.

Basi naomba hivi. Jumapili ya kwanza baada ya barua hii kufika nitapiga saa mbili usiku. Msinieleze habari nyingine yoyote. Mpeni Babu simu, mkae kando, na akinyamaza msimnyang'anye mkidhani imekatika. Nitangoja.

Na mwambieni tochi yake ninayo. Niliikuta kwenye begi nilipofika huku, ikakaa chini ya kitanda muda wote huu. Jana nimeitia betri mpya. Inawaka.

Mwanao akupendaye