Jarida limepumzika kwa sababu naumwa, na hela za watu zipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, maana maneno yamekuwa mengi na wengi wanaoyasema ni wasomaji wa gazeti lako pia. Mimi ndo mhariri wa jarida dogo la fasihi hapa Tanga, linatoka mara nne kwa mwaka, mashairi, hadithi fupi na kurasa mbili tatu za uhakiki, tunachapa nakala 300 tu na huwa zinaisha. Mwezi uliopita nilitangaza kwamba tunasimama mwaka mzima kwa ajili ya afya yangu. Basi hapo ndo yakaanza. Mmoja kasema jarida limekufa ila naona aibu kusema, mwingine kasema nimekula hela za waliolipia toleo la 12, na mzee mmoja ninayemheshimu sana kanipigia simu kabisa akaniambia mwanangu, punda afe mzigo ufike.

Huo msemo nimeukuta toka nazaliwa lakini safari hii umeniuma kweli. Jamani, punda akifa njiani nani anaubeba huo mzigo? Unabaki palepale unanyeshewa mvua.

Ngoja niseme ilivyokuwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, jarida nalifanya usiku. Mwezi wa saba nikiwa darasani kidato cha tatu, nimeshika chaki, naandika ubaoni, herufi zikaanza kucheza, nikashika meza, watoto wakanikimbilia wakaniletea kiti. Hospitali wakapima presha ikasoma 178 kwa 112. Daktari akarudia kupima mkono wa pili, ileile. Akaniuliza mama unalala saa ngapi, nikamwambia saa nane, akauliza unaamka saa ngapi, nikasema kumi na moja, akaacha kuandika akaniangalia. Akataka nimhesabie saa zangu za kazi kwa wiki nzima, shule na jarida, tukahesabu pale pale, zikapita sitini. Ndo akanitajia kwamba Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walishatoa ripoti mwaka 2021 wakisema anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi inapanda kwa asilimia 35 ukimlinganisha na anayefanya saa 35 mpaka 40. Mama yangu mzazi alipata kiharusi, nimemuogesha na kumlisha miaka minne. Sikuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Najua mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndo maana watu wananiambia kazi yenyewe si kusoma mashairi tu umekaa kwenye kochi. Basi nieleze hiyo kazi. Shairi la kawaida la beti sita lina mishororo 24, kila mshororo mizani 16, yaani silabi, nane huku nane kule, vina vya kati na vya mwisho, halafu kibwagizo, ule mshororo unaorudiwa mwisho wa kila ubeti. Inabidi uhesabu kwa vidole mshororo kwa mshororo, maana kijana kaandika "mtu" kaihesabu mizani moja wakati ni mbili, ile m inasimama peke yake, kisha kwenye "mwana" kaitenganisha m akapata mizani tatu wakati ni mbili tu. Ukishaona kosa huwezi kumsahihishia hivi hivi, utamharibia maana, inabidi umwandikie, yeye ajaribu, akurudishie, uhesabu upya. Kuna shairi moja la binti wa Lushoto tulirudishiana mara saba. Likatoka zuri mno na mpaka leo nalijua kwa moyo, ila hizo mara saba zote zilikuwa usiku wa manane.

Na hapo sijagusa mashairi huru, yale yasiyofuata vina wala mizani, huko ndo kuna ugomvi, wazee wa vina wananiandikia kwamba naua ushairi na vijana wananiandikia kwamba nimewafungia mlango, wote toleo moja hilohilo.

Lakini kitu kilichokuwa kinanimaliza hasa ni kukataa. Kila toleo tunapokea kazi kama 140 na nafasi zipo 20 na kitu. Kwa hiyo watu zaidi ya mia inabidi niwaambie hapana, na mimi sikutaka kuwaambia hapana kwa meseji moja ya kunakili, kila mtu nilimwandikia kwa jina lake, kipi kizuri, kipi akirekebishe. Sasa mtu kaandika shairi la msiba wa baba yake, mizani haikai, vina vimelazimishwa, unamwambiaje? Unakaa na hiyo barua saa nzima. Ukishaituma anapiga simu saa tano usiku analia, au anatukana, au ananyamaza moja kwa moja hata salamu haitikii, na huyo wa kunyamaza ndo ananikosesha usingizi kuliko wote. Hilo halionekani kwenye jarida likishachapwa. Msomaji anaona kurasa 64, basi.

Mengine ni ya kawaida tu, kupeleka faili kwa mchapaji, kupanga vifurushi, kukimbizana na basi la asubuhi la Dar, sitayasema sana.

Kuna wanaoniambia mbona Shaaban Robert alikuwa na kazi yake ya serikali na bado aliandika. Ni kweli, alikuwa karani wa forodha miaka mingi, na huyo ni wa kwetu hapahapa Tanga, tunajivunia. Lakini kuandika vitabu vyako mwenyewe na kubeba maandishi ya watu mia na arobaini ni kazi mbili tofauti. Na mtu akinitolea mfano huo mimi nakumbuka pia kwamba alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53. Sijui kama alipata wa kumwambia apumzike. Mimi nina 49.

Wengine wanasema mpe mtu mwingine aendeleze. Hilo ni wazo zuri na kosa ni langu kwamba sikulifanyia kazi mapema. Nilikuwa na wasaidizi wawili wa kujitolea, mmoja kahamishiwa Dodoma kikazi, mwingine kajifungua mapacha. Badala ya kutafuta wengine nikajikaza kisabuni, nikafanya ya wote watatu karibu mwaka mzima. Sasa nikimkabidhi mtu leo hii rundo lote hilo bila kumfundisha nitakuwa nimemhamishia ugonjwa tu.

Kwa anayedhani jarida likisimama ndo mwisho wake, nimkumbushe jarida la Transition. Lilikuwa la Kiingereza lakini ni la hapahapa Afrika Mashariki, Rajat Neogy alilianzisha Kampala mwaka 1961. Mwaka 1968 serikali ya Obote ikamtia ndani, jarida likasimama. Likarudi 1971 likiwa Accra, likasimama tena 1976, halafu 1991 likafufuliwa Marekani. Hapo katikati ni miaka 15 kimya. Yaliyompata Neogy ni makubwa sana, sijilinganishi naye hata kidogo, nachosema ni kwamba matoleo ya zamani yalikuwepo, watu wakayasoma, wakaona kuna kitu cha kurudia. Ndo maana, ukiacha barua chache za Jumamosi nitakazozitaja mwishoni, kazi moja tu nimeruhusiwa na daktari kuhusu jarida mwaka huu, nayo ni ya mchana: kupeleka seti za matoleo yetu 11 maktaba ya mkoa na kwenye shule zitakazoyahitaji.

Mhariri, kwako nina ombi. Najua ukurasa wako wa mashairi unajaa, lakini kuna vijana kama tisa hivi walikuwa wameshakubaliwa kwa toleo la 12, kazi zimeshanyooka, mizani imekaa, hazihitaji mkono wa mtu. Nimewaruhusu wazipeleke popote. Wakikuletea naomba uwatazame kwa jicho zuri. Binti wa Lushoto ni mmoja wao, safari hii kaandika tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ya mama muuza mboga na mimi sikumrekebisha hata neno moja.

Kuhusu hela sasa. Waliolipia kabla ni watu 61. Mpaka naandika barua hii nimesharudisha kwa 38 kwa simu, waliobaki 23 namba zao hazipatikani au zimebadilishwa. Hela yao ipo pembeni haijaguswa, na daftari la majina analo mweka hazina wetu, aje yeyote alitazame. Aliyehama namba aje pale duka la vitabu tunapouzia siku zote, aonyeshe meseji ya malipo, atapewa papo hapo.

Na kwa waliotuma kazi wakawa hawajajibiwa, mko 87. Naomba msinipigie. Mume wangu ndo anakaa na simu yangu kuanzia saa tatu usiku na hatapokea. Nitawaandikia barua tano kila Jumamosi asubuhi, kwa majina yenu kama zamani, zikiisha tano nafunga. Asiyetaka kusubiri achukue kazi yake aipeleke kwingine kwa amani kabisa.

Mhariri wa jarida dogo,
Tanga