Mzee wa 3DB na redio inayonguruma

Melbourne, Australia

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba na wote hapo Ngamiani, Tanga. Sisi hatujambo, ni baridi tu inayotutia adabu.

Juzi kwenye simu uliniuliza kama huku kuna mtu bado anakaa kitako kusikiliza redio. Nilikujibu kwa mkato kwa kuwa basi lilikuwa linaingia kituoni. Leo niko nyumbani, na jambo lenyewe ni lako wewe fundi wa redio kuliko la mtu mwingine yeyote katika ukoo.

Pale ninapofanya kazi ya kutunza wazee yupo babu mmoja aliyekwisha kupita miaka tisini. Ukimuuliza amekula nini asubuhi, hakumbuki. Mtajie 3DB, basi atakuimbia tangazo la sabuni tangu mwanzo hadi mwisho bila kukosea neno. Hasemi habari za vita wala hotuba za mawaziri wakuu, anakumbuka sabuni!

3DB ni jina la kituo. Huku vituo vya zamani viliitwa kwa namba na herufi: 2 ni New South Wales, 3 ni Victoria, yaani huku kwetu, 4 ni Queensland, na kuendelea. Herufi nazo zina visa vyake. 2GB ya Sydney, iliyoanza mwaka 1926, ilikuwa ya Wateosofia, kundi la watu wa falsafa ya kiroho, na GB ni Giordano Bruno, yule mtawa wa Italia aliyechomwa moto. 2SM ilikuwa ya Wakatoliki, 2KY ya vyama vya wafanyakazi. Kila kundi na sauti yake, na karibu wote wakiishi kwa matangazo ya biashara.

Lakini walikoanzia ndiko kutakakokuchekesha. Mwaka 1923 serikali iliamua kwamba ukinunua redio, iwe imepigwa lakiri ishike kituo kimoja tu, kile ulichokilipia. Hebu fikiria, mjomba, mteja akuletee redio yenye lakiri na bisibisi unayo mkononi! Watu hawakuutaka kabisa mpango huo, na mwaka uliofuata ukatupwa. Ndipo vituo vikagawanywa madaraja mawili: A vililipwa kutokana na ada ya leseni za wasikilizaji, B vijitafutie. Vile vya A hatimaye vikaingia mikononi mwa ABC, shirika la utangazaji la taifa la huku, mwaka 1932. Vile vya B ndivyo hivi vinavyomliza babu yangu. Wewe ulizoea Idhaa ya Taifa na Idhaa ya Biashara zikiwa chini ya paa moja la Redio Tanzania Dar es Salaam. Hapa zilikuwa nyumba mbili zinazotazamana kwa jicho la pembeni.

Na waliotafuta pesa walijua kuitafuta. Kampuni za sabuni hazikununua dakika moja ya tangazo, zilinunua kipindi kizima. Lux, hii hii tunayooga, ilikuwa na mchezo wake wa kuigiza. Colgate-Palmolive ilikuwa na waigizaji na watangazaji wake yenyewe. Magwiji wa mashindano ya maswali na zawadi walikuwa wawili, Jack Davey na Bob Dyer, na wasikilizaji waliwashabikia kama Simba na Yanga. Cha ajabu, hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenyeji: Davey alitoka New Zealand, Dyer alitoka Tennessee, Marekani. Huyo Dyer pia alikuwa mvuvi hodari wa papa. Angefika Tanga angepata marafiki.

Babu na wenzake wanasema televisheni ndiyo iliyoua yote hayo. Hapo mimi siafikiani nao, ingawa sibishani na mtu ninayemvisha soksi. Televisheni ilianza Sydney Septemba 1956, na ni kweli iliondoka na michezo ya kuigiza na zile zawadi. Redio haikufa. Mwaka 1958 kituo cha 2UE cha Sydney kilianza kutangaza nyimbo 40 zinazotamba, redio ndogo za transista zikaingia mifukoni mwa vijana, wakahama nazo kutoka sebuleni kwa wazazi wao hadi ufukweni. Aprili 1967 sheria ikaruhusu msikilizaji apige simu na sauti yake isikike hewani. Sisi tulitumia kadi za salamu, wao wakatumia simu, na fundi mitambo akichelewesha matangazo kwa sekunde chache ili awahi kukata matusi. Mtangazaji John Laws alijenga jina lake kwenye simu hizo. Alianza kutangaza mwaka 1953, akastaafu 2024.

Ukiniuliza mimi, ladha ilipungua pale vituo viliponunuliwa kwa mafungu. FM za biashara zilikuja mwaka 1980, sauti safi kama maji ya mtungi, na hilo silo kosa lao. Lakini leo kipindi kinatengenezwa Sydney na kurushwa miji mingi, na mtangazaji hajui hata duka la nyama la mtaani kwenu linaitwaje. Babu anakumbuka duka hilo lilivyotangazwa, pamoja na bei ya mbavu.

Sasa nikuombe ushauri. Binti yake amenionyesha redio ya babu, AWA Radiola ya zamani, ya valvu za kioo. Kioo chake hakina mita wala kilohezi kama vyetu, kina majina: 3DB, 3UZ, 3AW, 2GB, yamepangwa jimbo kwa jimbo kwa herufi ndogo za rangi. Mshale ukiusogeza leo haukufikishi. Mwaka 1978 walibadilisha nafasi kati ya kituo na kituo kutoka kilohezi 10 hadi 9, na baadaye vingine vikahama au kufa kabisa. 3AW sasa iko kilohezi 693. Tulipoichomeka, valvu zilichukua muda kupata moto, kisha ikaanza kunguruma, na mtu akasikika anaongea kwa mbali nyuma ya mngurumo huo. Mngurumo haubadiliki hata ukipunguza sauti hadi mwisho.

Nahisi ni zile kapasita kubwa za kuchujia umeme, zimekauka. Je, tubadilishe hizo kwanza, au na zile za karatasi zote kwa mpigo? Umeme wa huku ni volti 230, sawa na wa kwetu. Na usiogope, sitagusa kitu ndani kabla hujaniambia, makofi yako ya mkononi nayakumbuka vizuri. Nijibu kwa ujumbe wa sauti, usijisumbue kuandika. Pesa ya miwani nimeshamtumia Zuberi, umdai.

Mpwa wako,
Mwanaidi