Kwa vijana wa steji yetu ya bodaboda: mwacheni mwenzenu aende mkutanoni

Wanangu,

Mnanijua. Ni mimi mama muuguzi mstaafu mnayempeleka kanisani kila Jumapili. Juzi nikiwa nasubiri pikipiki nilimsikia mmoja wenu akiuliza kama ni kweli kuna mikutano ya watu wanaotaka kuacha pombe. Mlimcheka. Alivaa helmeti yake akaondoka bila abiria. Simtaji, nanyi msimtafute. Nataka tu kulijibu swali lake mbele yenu nyote, maana najua si yeye peke yake mwenye haja nalo.

Mikutano ipo. Inaitwa AA, yaani Alcoholics Anonymous, na hapa Kenya mara nyingi hukutania kwenye kumbi za makanisa. Lakini si ya kanisa. Mwislamu anaketi, Mkristo anaketi, asiyesali anaketi. Hakuna ada. Hupitishwa kikapu cha hela za chai na ukumbi, na mgeni halazimiki kutia kitu. Sharti la kujiunga ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Hawasemi uwe umekwisha kuacha. Kwa hiyo hata kama ulikunywa jana, nenda.

Kuupata mkutano, piga namba ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, haina malipo, au muulize muuguzi wa kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya kaunti. Uliza kama mkutano ni wa wazi au ni wa wanachama. Kwenye ule wa wazi hata mke au rafiki anaruhusiwa kuketi. Ule mwingine ni wa wenye shida ya pombe wenyewe. Na ukienda mara moja usipapende, jaribu kundi jingine kabla ya kukata tamaa, maana makundi hayafanani.

Mimi niliketi kwenye mkutano wa wazi nikimsindikiza mtoto wa dada yangu. Yaliyosemwa mle yamebaki mle, ila la kikombe nitawaambia. Kulikuwa na mgeni ambaye mikono ilimtetemeka hata chai ikamwagikia mapajani. Mzee aliyeketi kando yake akakichukua kile kikombe, akapunguza chai hadi nusu, akamrudishia, huku macho yake yakiwa kwa aliyekuwa akizungumza. Nimefanya kazi wodini karibu maisha yangu yote na bado lile lilinigusa. Watu walizungumza kwa zamu, kila mmoja akitaja jina lake la kwanza tu na kusema kuwa ni mlevi. Hakuna aliyemkatiza mwenzake wala kumpa mawaidha. Zamu ya mgeni ilipofika alisema, "Leo nitasikiliza tu." Wakamshukuru, wakaendelea.

Chanzo cha jambo hili kinawahusu ninyi zaidi ya mnavyodhani. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa hotelini mjini Akron, Marekani, biashara imemharibikia na baa iko hatua chache. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Badala ya kuingia baa akashika simu, akapigia makanisa akitafuta mlevi wa kuzungumza naye. Alitafuta mlevi kwa sababu aliona asipozungumza na mwenye shida kama yake, yeye mwenyewe ataanguka. Akaunganishwa na Dkt. Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa akisumbuliwa na pombe, ambaye alikubali kumsikiliza kwa dakika 15. Walizungumza kwa saa kadhaa. AA ilianzia hapo.

Sasa hili lisikieni kwa makini. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono hutulia tu baada ya kuonja, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kuleta kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, na watu hufa. Anzia hospitali upewe dawa za kukuvusha siku hizo. Mkutano haufanyi kazi ya daktari.

Mwenyekiti wa steji, kwako nina ombi. Mikutano mingi ni jioni, saa ambazo abiria ni wengi, na kijana atahesabu hela atakazokosa. Mshikieni nafasi yake kwenye foleni. Mkiweza, toeni nauli yake kwenye ile akiba ya kila wiki, kama mnavyochangia anapolazwa. Akirudi msimuulize nani alikuwepo wala nini kilisemwa. Na jioni mnapogawana "ya kutoa uchovu", msimpimie.

Wake zenu nao wana kundi lao, Al-Anon, ambalo Lois, mke wa Bill, alishirikiana na wengine kulianzisha mwaka 1951. Mke hahitaji kungoja mume akubali kuacha ndipo aende.

Wewe uliyeuliza swali, mlango wangu unaujua. Njoo usiku ukitaka, tupige hiyo 1192 pamoja. Kama ni mara ya kwanza na unaona aibu, tutatafuta mkutano wa wazi niketi kando yako.

Mama yenu