Mtihani wa modeli za bima haukaririwi

Mhariri,

Vijana wengi wa takwimu bima husomea mtihani wa PA (Predictive Analytics, uchanganuzi wa utabiri) wa Society of Actuaries, chama cha watakwimu bima cha Marekani, kana kwamba ni wa kuchagua jibu. Sivyo. Mtahiniwa hupewa maelezo ya data na matokeo ya kompyuta, kisha aeleze kwa maandishi.

Kinachowaangusha sana ni muda wa bima. Gari lililokatiwa bima ya miezi 3 lina mwaka 0.25 tu wa kinga. Katika modeli ya Poisson, ya kukadiria idadi ya madai, inayotumia logi, ingiza logi asilia ya 0.25, yaani -1.386, ikiwa na kizigeu (namba inayozidisha kigezo) kisichobadilika cha 1. Ukisahau, modeli itawaona wateja wa muda mfupi kuwa madereva waangalifu kupita kiasi! Kizigeu cha 0.18 nacho si ongezeko la madai la asilimia 18. E (karibu 2.718) kwa kipeo cha 0.18 ni 1.197, karibu asilimia 20.

Kwa ukubwa wa fidia, mgawanyo wa gamma haupokei sifuri, hivyo ondoa kwanza bima zisizo na madai. Ondoa pia taarifa zinazojulikana baada ya ajali, kama gharama ya gereji. Modeli itang'aa kwenye data ya zamani kisha ishindwe kazini, kwa kuwa siku ya kukata bima namba hiyo haipo.

Mazoezini, tenga asilimia 20 hadi 30 ya data kwa majaribio, kisha mweleze matokeo kwa aya moja meneja wa mauzo asiyejua logi.

Mtakwimu bima,
Dar es Salaam